Kupandisha Baiskeli Usambara kwa Pikapu

Bodi ya Toyota Hilux ya dabo kebini ina urefu wa mita moja na nusu hivi, na upana wake ni karibu huo huo. Baiskeli ya mtu mzima, kuanzia ncha ya tairi la mbele hadi ncha ya tairi la nyuma, ina urefu wa kati ya mita 1.7 na 1.95. Kwa hiyo baiskeli nzima haikai kwenye bodi hiyo ila kwa kuwekwa kona kwa kona, na moja ikishakaa hivyo imemaliza nafasi. Sisi tulikuwa na baiskeli tano, mabegi, jiko dogo la gesi, na zaidi ya kilomita 300 za kwenda, kutoka Tegeta hadi milima ya Usambara.

Hilux ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1968 ilikuwa gari la kazi: kebini ya mstari mmoja mbele, bodi nyuma. Baadaye watu wakataka gari moja libebe familia na mzigo, ikaja milango minne, na kilichokatwa ili viti vipatikane ni bodi. Gari lililokuwa la mwenye shamba likawa la mwenye shamba, mhandisi, mchungaji na sisi waendesha baiskeli, ila mzigo haukufupika.

Lengo letu lilikuwa kufika Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ukingo wa Usambara Magharibi juu ya tambarare ya Mkomazi, kisha kurudi Lushoto kwa baiskeli tukifuata mgongo wa mlima. Tulikuwa wanne, na dereva wa tano. Basi lingetufikisha Lushoto bila shida, lakini wengi wetu tunaosafiri mikoani na baiskeli tunajua jinsi zinavyosafirishwa huko. Baiskeli inalazwa kwenye buti, juu yake gunia, juu ya gunia begi la chuma, na kituo kinachofuata kila kitu kinahamishwa kwa haraka. Rafiki yetu mmoja aliwahi kushushiwa yake rimu ikiwa imepinda na kile chuma kinachohamisha cheni kimejipenyeza kwenye spoku. Hakuna aliyemfanyia kwa ubaya. Utingo ana mizigo mingi na dakika chache, na machoni pake baiskeli ni chuma tu.

Jambo hilo linaniuma kila ninapoliona. Baiskeli ndiyo iliyobeba maji, mkaa, ndizi, maziwa na wagonjwa wa vijiji vyetu kwa miaka na miaka. Mtu wa Tabora au Shinyanga atakuambia ada ya shule ya watoto wake ilipita juu ya keria ya baiskeli. Chombo kilichotubebea yote hayo, siku kinapohitaji kubebwa chenyewe, kinatupwa juu ya mzigo kama kitu kisichoumia. Rimu ikipinda, mwenye nayo anakaa siku tatu bila kipato. Ndiyo maana nililichukua suala la kufunga baiskeli kwenye pikapu kwa uzito wake, na ndiyo maana jioni ya kuamkia safari hatukuanza na mabegi, tulianza kwa fundi.

Kibanda chake kipo pembeni ya barabara ya Bagamoyo. Gari liliingia kinyumenyume, kilango cha nyuma kikashushwa, baiskeli zikapangwa ukutani: tatu za mlimani, moja ya barabarani yenye usukani uliojikunja, ya dada mmoja katika kundi letu, na Foniksi mpya, nyeusi, fremu bado imeviringishwa makaratasi ya dukani. Hiyo nilikuwa nampelekea mjomba wangu aliyeko Soni, njiani kwenda Lushoto.

Dereva wetu, mzee mwenye asili ya Korogwe ambaye ameshusha kabichi na karoti kutoka milimani kwa muda mrefu wa maisha yake, alikuwa na jibu tayari.

"Wanangu, zilazeni. Chini godoro, juu godoro, turubai, kamba. Tumeenda."

"Mzee wangu, zikilala tano, ile ya chini itakuwa imebeba wenzake wanne mpaka Lushoto," dada akamjibu.

Fundi alisikiliza pande zote mbili, kisha akasema neno ambalo nilipenda jinsi alivyolipima. Kulaza si kosa, alisema, kama ni baiskeli moja au mbili na unajua unalaza upande gani. Cheni na gia ziko upande wa kulia, hivyo upande wa kushoto ndio unaolala chini. Kabla ya kulaza, cheni ipandishwe kwenye meno makubwa ya nyuma, ili kile chuma cha kuihamisha kiingie ndani kuelekea spoku badala ya kujitokeza nje. Pedeli zitolewe, maana pedeli ndiyo inayotoboa spoku za jirani. Hapo akatukumbusha jambo linalowatoa jasho wengi: pedeli ya kushoto ina nati iliyogeuzwa, inafunguka kwa kuzungushwa kinyume na ya kulia. Watu wameharibu mikono ya pedeli kwa kuikazia wakidhani wanaifungua.

Lakini kwa tano, kulaza hakufai. Uzito unajumlishana, na kila tuta barabarani linauzidisha. Ikabidi tuzungumzie namna nyingine.

Dada alitaja keria ya nyuma, ile inayochomekwa kwenye ndoano ya kuvutia tela. Baiskeli zinasimama nje ya gari, nyuma kabisa, na bodi inabaki wazi kwa mizigo. Ni kifaa kizuri kwa barabara iliyonyooka. Kwa njia zetu nina wasiwasi nacho kwa sababu mbili. Kwanza, kinaongeza mkia wa gari, na mkia mrefu ndio unaogusa chini gari linaposhuka kwenye tuta refu au kutoka kwenye korongo. Pili, kinafunika namba na taa, na mwenye gari analazimika kutafuta ubao mwingine wa taa. Isitoshe, uzito uliokaa nyuma sana ya ekseli unainua mbele ya gari kidogo kila unaporushwa, na kwenye kona za Soni mtu anataka magurudumu ya mbele yashike ardhi barabara.

Mwenzetu mwingine akauliza habari ya paa. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika, tuliyatazama kwenye runinga na kuona magari ya timu yakipita yamepangwa baiskeli zimesimama juu ya paa. Ilipendeza mno kuona vilima vya Rwanda vimejaa watu wanaoshangilia baiskeli. Hata hivyo, magari yale ni ya chini, na fundi wa timu anahitaji kushika baiskeli na kukimbia nayo kwa sekunde. Paa la Hilux liko karibu mita 1.8 kutoka ardhini. Ongeza baiskeli inayokaribia mita moja na una kimo ambacho dereva lazima akikumbuke kila anapopita chini ya tawi la mwembe au mlango wa gereji. Upepo nao haudanganywi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upepo unasukuma mara nne, na baiskeli iliyo juu ya paa inaupokea wote.

Wenzetu wa milima ya Marekani na Kanada wana njia yao ambayo nimeipenda kwa urahisi wake. Wanafunika kilango cha nyuma kwa mto mnene, kisha wanainua baiskeli na kuiacha gurudumu la mbele lining'inie nje, bomba la chini la fremu likae juu ya mto, gurudumu la nyuma libaki ndani ya bodi. Mkanda mmoja kila baiskeli, basi. Kwenye pikapu ya kadiri zinaingia tano. Kasoro yake ni mchanga. Vumbi likiingia kati ya mto na fremu, mtikisiko wa gari unageuka msasa, na baada ya safari ya vumbi rangi ya fremu inakuwa imeondoka mpaka chuma kinaonekana. Kwa fremu za kaboni, ambazo kuta za bomba lake ni nyembamba na hazipendi kubanwa sehemu moja, mimi ningesita.

Fundi alipoona tumemaliza, akaingia ndani akatoka na chuma chake.

Ilikuwa engo yenye urefu wa kulingana na upana wa bodi, na juu yake kumechomelewa habu tatu za chuma za magurudumu ya mbele, zilizotolewa kwenye baiskeli zilizokufa. Ekseli na nati zake zimeachwa mle mle. Unatoa gurudumu la mbele la baiskeli, unashusha uma wake juu ya ekseli ya habu, unakaza nati mbili, na baiskeli imesimama kana kwamba gurudumu lipo. Ncha za engo zinafungwa kwa bolti kwenye ndoano za bodi. Alikuwa amezifikiria hata baiskeli mpya ambazo uma wake hauna mdomo ulio wazi chini, zile zenye ekseli nene ya milimita 15 inayopita tunduni. Kwa ajili ya hizo, mahali pa habu anachomelea kipande cha bomba chenye tundu la kulingana na ekseli hiyo, na ekseli inapitishwa humo.

Wazo la kutoa gurudumu kwa mkono, bila spana, lina historia. Mtaliano Tullio Campagnolo, mwendesha baiskeli wa mashindano, alisajili hataza ya ekseli ya kufunguliwa kwa mkono mwaka 1930. Keria nyingi za kubana uma zinazouzwa madukani leo zinatumia kanuni yake. Engo ya Tegeta inatumia nati na spana namba 15, na kwa macho yangu haipungukiwi kitu. Inachelewesha dakika mbili kwa kila baiskeli, na mwizi naye inamchelewesha dakika hizo hizo.

Tukaanza kupanga. Engo ilikaa mbele, nyuma ya kioo cha kebini. Ile ya barabarani iliwekwa habu ya katikati, kwa sababu usukani wake ni mwembamba, sentimita 42 tu, na mbili za mlimani zikakaa pembeni, sukani zao pana zikapita juu ya kingo za bodi bila kugongana. Baiskeli iliyotolewa gurudumu la mbele inapungua urefu kwa karibu nusu ya gurudumu, hivyo zenye magurudumu ya inchi 26 zilikaa ndani ya bodi bila taabu. Moja ya pembeni ilikuwa ya inchi 29, na tairi lake la nyuma likafika hadi kwenye kilango. Fundi akaisogeza kidogo upande na ikatosha.

Kabla hatujagusa mkanda wowote, alikunja kipande cha kadibodi ya boksi mara mbili, akakichomeka katikati ya vibao vya breki ya diski kwenye uma wa mbele wa kila baiskeli iliyotolewa gurudumu. Breki hizo husukumwa na mafuta. Gurudumu likiwa halipo na mtu au mzigo ukibonyeza mkono wa breki, vibao vinakutana, na kuvirudisha ni kazi. Kadibodi inazuia. Kipande cha boksi la sabuni kinaokoa asubuhi nzima ya kazi, na sijui kwa nini hakuna anayekitaja baiskeli hizi zinapouzwa.

Zilibaki mbili: ya tatu ya mlimani na Foniksi. Hizo zikawekwa kinyume, zikitazama nyuma, katikati ya zile tatu, magurudumu yao ya mbele yakining'inia nje ya kilango kwa mtindo wa Wakanada. Kukaa kichwa kwa mkia kunasaidia sana, kwa kuwa sehemu pana ya baiskeli ni usukani na sehemu nyembamba ni nyuma. Juu ya kilango tuliweka kipande cha godoro kilichoviringishwa kwenye turubai. Madigadi ya mbele ya Foniksi yangebanwa na kilango, hivyo fundi alifungua nati zake akayafunga kwenye keria ya baiskeli yenyewe kwa gazeti na uzi. Foniksi ina uzito wa kilo 20 hivi, na tulihitaji watu wawili kuinyanyua.

Kisha kufunga. Hapa ndipo ninapotaka msomaji anivumilie, maana ndipo baiskeli nyingi zinapoharibikia. Mpira wa tyubu, huu wanaotumia bodaboda kufungia mizigo, ni mzuri kwa kuzuia kitu kisitikisike, lakini haufai kuwa ndio unaoshika. Unavutika. Gari likiruka, mzigo unainuka, mpira unaufuata, na mzigo unarudi chini kwa kishindo. Kinachoshika kiwe mkanda wa kukaza kwa rachati au kamba isiyovutika. Na kamba ina tabia zake: ya nailoni ikilowa inarefuka, ya katani ikilowa inafupika. Ukifunga nailoni kavu na mvua ikakukuta njiani, utafika imelegea bila wewe kufungua fundo lolote. Katani nayo usiikaze hadi mwisho kama kuna wingu, isije ikabana rangi na nyaya.

Baiskeli ishikwe kwenye sehemu zake zenye nguvu: uma, bomba la chini karibu na pedeli, na gurudumu la nyuma kwenye rimu. Isishikwe kwenye spoku, nyaya za breki wala tandiko. Kila moja yetu ilikuwa na mikanda miwili inayovuta kuelekea pembe tofauti za bodi, ili gari likilala kulia mmoja ushike na likilala kushoto mwingine ushike. Magurudumu ya mbele ya zile zilizoning'inia tuliyafunga kwenye fremu kwa mpira, la sivyo yanageuka geuka na usukani unampiga jirani njia nzima. Mwishoni kitambaa chekundu kikafungwa kwenye gurudumu lililojitokeza zaidi, na fundi akarudi nyuma hatua kadhaa kuhakikisha taa na namba vinaonekana.

"Kaka, mkifika Bagamoyo simameni mkaze tena," aliniambia tulipokuwa tunamlipa. "Hata mikanda mizuri. Mzigo lazima ukae."

Tuliondoka kabla ya alfajiri. Bagamoyo tulisimama na maneno yake yakawa kweli: kila mkanda uliingiza meno mawili au matatu zaidi ya rachati. Godoro lilikuwa limebonyea, matairi yamejikalia, na hapo ndipo mzigo ulipopata mkao wake. Toka hapo hadi Msata, kisha kulia kwenye barabara kuu ya kaskazini, hatukuongeza hata jino moja.

Mto Wami tuliuvuka kwa daraja jipya lenye urefu wa zaidi ya mita 500. Waliopita hapo zamani wanalikumbuka daraja la kale lililo jembamba, malori yakisubiriana kwenye mteremko. Mzee alipunguza mwendo tu kidogo, akasema, "Hapa tulikuwa tunasali," akaendelea.

Kazi yangu nilijipa ya kukaa nyuma na kutazama kioo cha nyuma. Nilichojifunza kwenye matuta ya vijijini ni kwamba baiskeli iliyobanwa uma haichezi, inatikisika pamoja na gari kama sehemu yake. Zile mbili za kilangoni zilicheza kidogo, juu chini, kwa kiasi ambacho godoro lilikimeza. Mzee alikuwa anayapanda matuta kwa gurudumu moja moja mwanzoni, kwa mshazari, na nikamwomba kwa heshima ayapande wima, maana kwa mshazari bodi inapinda na mikanda inavutwa upande mmoja. Alikubali bila neno, na baada ya hapo tulivuka yote hivyo.

Karibu na Segera askari wa usalama barabarani alitusimamisha. Alizunguka gari, akashika mkanda mmoja akauvuta, akainama kusoma namba.

"Mnazipeleka kuuza?"

"Hapana afande, tunakwenda kuziendesha Lushoto."

"Kwa raha zenu?"

"Kwa raha zetu, na hii nyeusi ni ya mjomba, Soni."

Akaitazama Foniksi kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyozitazama nyingine. "Hiyo ndiyo baiskeli," akasema, na akatupa ruhusa.

Kati ya Segera na Korogwe mkonge unaanza kuonekana, mistari hadi macho yanapochoka. Ni mmea ulioletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mkoa wa Tanga ukajengwa juu yake, reli na bandari na kambi za manamba. Tulisimama mji wa Korogwe kununua kamba ya katani ya akiba. Muuzaji, mama wa makamo, alipima kwa mikono yake miwili akaukata urefu tuliotaka. Nilipomwambia ni ya kufungia baiskeli, aliniambia niiloweshe kwanza na kuikausha ikiwa imevutwa, ndipo itatulia. Nimefanya hivyo tangu siku ile na alikuwa sahihi.

Mombo ndipo milima inapoanza. Barabara ya kwenda Lushoto inaiacha tambarare na kupanda ukutani mwa Usambara kwa kilomita zipatazo 33, kona baada ya kona, mto ukiwa upande mmoja na mwamba upande mwingine. Wajerumani waliipenda Lushoto kwa baridi yake wakaiita Wilhelmstal, na njia ya kuifikia imebaki ya kuheshimiwa. Mafuso yaliyojaa kabichi na viazi yanashuka kuelekea masoko ya Dar es Salaam, na kwenye kona kali kila mmoja anapiga honi kabla ya kuonekana.

Hapo ndipo mikanda ya pembe tofauti ilipolipa. Gari linalala kulia, linalala kushoto, na mzigo unataka kuendelea kwenda kule lilikokuwa linakwenda. Niliziona zile tatu za mbele zikiinama pamoja na gari na kurudi pamoja nalo, hakuna iliyogusa mwenzake. Kingine kilichotusaidia ni kwamba uzito ulikuwa ndani ya bodi na mbele, juu ya ekseli au karibu yake. Mzee mwenyewe alikiri usukani haukuwa mwepesi mikononi hata kwenye miinuko mikali.

Soni ilikuwa siku ya gulio. Mjomba alikuwa anatusubiri kandokando ya barabara, kofia kichwani, koti la baridi limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo? Imefika?"

Tuliishusha sisi wawili. Hakuitazama rangi wala kengele. Aliinua gurudumu la mbele kutoka ardhini, akalizungusha kwa kidole, akainamisha kichwa na kuangalia nafasi iliyo kati ya rimu na mpira wa breki. Rimu ilizunguka bila kuyumba. Akafanya vivyo hivyo nyuma. Kisha akachukua spana yetu akayarudisha madigadi mwenyewe, akikaza nati taratibu, watu wa gulioni wakiwa wamemzunguka.

"Ya kwanza niliyowahi kununua ililetwa juu ya lori la mbao," alisema. "Nilianza kwa kuipeleka kwa fundi kabla sijaipanda." Akapakia gunia la karoti la jirani yake kwenye keria, akaisukuma kupandisha njia ya Vuga, na ndivyo Foniksi ilivyoanza kazi siku ile ile.

Kutoka Lushoto hadi Mtae, kupitia Magamba na Lukozi, barabara ni ya udongo kwa sehemu kubwa, nyekundu, na vumbi lake ni laini kuliko unga. Hapo tulibadilisha mpango. Nafasi ya Foniksi ilikuwa wazi, na ile ya mlimani iliyokuwa kilangoni tuliivuta ndani kabisa, tukatoa gurudumu lake na kuifunga kona kwa kona juu ya mabegi, upande wa kushoto chini. Nilipoinua godoro kwenye kilango, vumbi la safari ya lami tu lilikuwa limeacha mstari mweupe kwenye fremu, mahali ilipokaa. Barabara ya Mtae ingeumaliza mstari ule hadi kwenye chuma. Tuliifuta kwa kitambaa chenye maji, tusisugue, maji yaubebe mchanga.

Mtae tulifika jioni, Mkomazi yote ikiwa chini yetu. Asubuhi iliyofuata kila baiskeli ilirudishiwa gurudumu lake, kadibodi zikatolewa kwenye breki, na tulikuwa barabarani kabla chai haijapoa. Hatukuhitaji kunyoosha rimu, kupachika cheni wala kurekebisha gia. Kundi tulilolikuta pale, lililokuwa limeleta baiskeli zao kwa lori juu ya magunia ya mbolea, lilikuwa bado linahangaika na koleo kurekebisha breki tulipoondoka. Tuliwaachia kadibodi zetu na kamba ya katani, na dada akawaonyesha upande wa kulaza.

Mgongo ule wa mlima, kutoka Mtae kurudi Lushoto, una misitu, mashamba ya kabichi yaliyoning'inia kwenye miteremko, na watoto wanaokimbia pembeni ya baiskeli hadi pumzi ziwaishie. Unastahili makala yake. Mimi nimeandika hii kwa sababu naona vijana wengi zaidi kila mwaka wanapeleka baiskeli Lushoto, Iringa, Njombe na Mbeya, na wengi wanazipoteza njiani kabla ya kuzipanda.

Hukumu yangu ni hii: kwa pikapu ya dabo kebini na barabara zetu, engo yenye habu ndiyo bora, kilango chenye mto kinafuata kwa njia za lami, na kulaza ni kwa baiskeli moja, mbili zikizidi sana. Keria ya nyuma na ya paa ziache kwa safari za mjini. Wenye mabasi nao nawaomba watenge nafasi ya wima kwenye buti, hata ya baiskeli mbili tu, na abiria alipie. Wengi tungelipa kwa furaha.

Na wewe mwenye pikapu, kabla hujakwenda kwa fundi wa kuchomelea, pima vitu vitatu: upana wa bodi yako ndani kwa ndani, urefu kutoka kebini hadi kilango, na mahali zilipo ndoano za kufungia. Mpelekee na uma wa baiskeli yako aone ekseli ni ya aina gani. Chukua na habu za zamani, za chuma, maana za aluminiamu hazichomeleki kwenye engo. Kazi yenyewe haimalizi siku.